Habari za Majina Yetu

Msomaji, kesho asubuhi mwalimu wako atakapofungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita, sikiliza kwa makini kuliko desturi yako. Usingoje jina lako tu. Sikiliza yote, toka la kwanza hadi la mwisho, nawe utasikia historia ya nchi hii ikisomwa mbio mbio pasipo mtu kuijali. Aghalabu kila mwanafunzi ana majina matatu. Moja ni la dini, moja ni la nyumbani, na moja ni la baba. Wengi hudhani ya kuwa mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Majina hayo matatu hayakuzaliwa siku moja wala hayakutoka mahali pamoja, na babu wa babu yako, lau angeyasikia yakiitwa kwa mfululizo, angeuliza, "Je, hao ni watu watatu, au ni mmoja?"

Na tuanze na lile la nyumbani, maana ndilo kongwe.

Hapo kale jina lilikuwa habari. Aliyelisikia alijua papo hapo jambo fulani juu ya mwenye jina. Kwa Wajaluo mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku ni Otieno, na wa kike ni Atieno. Wa asubuhi ni Okinyi na Akinyi. Jua likiwaka ni Ochieng' na Achieng'. Mvua ikinyesha ni Okoth na Akoth. Pacha anayetangulia kutoka ni Opiyo au Apiyo, anayefuata ni Odongo au Adongo, na mtoto azaliwaye baada ya pacha hao huitwa Okelo au Akelo, ingawa yeye alikuja peke yake. Aliyezaliwa baba yake akiwa ameshakufa aliitwa Ochola, na msichana Achola. Mgeni aliyeingia bomani na kusikia jina hilo likiitwa hakuwa na haja ya kuuliza baba wa mtoto yuko wapi.

Wabukusu walitazama majira zaidi ya saa. Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, na Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Ama Wakalenjin waliyaanza majina ya wavulana kwa Kip na ya wasichana kwa Chep, kisha wakaongeza jambo lililokuwapo wakati wa kuzaliwa. Kiprono alizaliwa mbuzi na kondoo walipokuwa wakirudi nyumbani jioni. Kipkoech alizaliwa kulipopambazuka. Kipchoge maana yake ni aliyezaliwa karibu na ghala ya nafaka. Ulimwengu mzima ulilisikia jina hilo mwaka 1968, Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, lakini sidhani kama katika wale waliopiga makofi uwanjani walikuwamo wengi waliojua kwamba walikuwa wakiishangilia ghala.

Jina la namna hii halikukataa mambo mapya. Wazungu walipokuja na mashamba yao na hospitali zao, Wakalenjin waliwapa nafasi katika utaratibu ule ule: mtoto aliyezaliwa penye Wazungu akaitwa Kipchumba au Chepchumba. Kwa Wagiriama nako tunao akina Kazungu. Utaona basi kwamba desturi ya kale haikuwa jiwe. Ilikuwa kama kikapu, na jambo lolote lililotokea liliweza kutiwa ndani yake.

Walakini kuzaliwa hakukuwa jambo la siku moja tu. Kulikuwa pia jambo la wafu. Katika makabila mengi mtoto alihesabiwa kuwa ni mtu wa zamani aliyerudi, na kazi ya wazee ilikuwa kumtambua ni nani. Kwa Wanandi na jamaa zao, akina mama wazee waliyataja majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, na ugoro ukiwa karibu na pua ya mtoto. Jina lililotajwa mtoto akapiga chafya, ndilo lililokuwa lake. Kwa Wajaluo mtoto aliyelia pasipo kunyamaza alitajiwa majina ya wafu mpaka likafika lile lililomtuliza. Wakamba wana jina Musyoka, yaani aliyerudi. Wakikuyu wana Kariuki, yaani aliyefufuka, na wao ndio walioipanga desturi hii ikawa kama sheria: mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, binti wa kwanza kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama, kisha zamu ya ndugu za baba na za mama. Ndiyo sababu utamsikia mama wa Kikuyu akimwita mwanawe mchanga "baba". Hafanyi mzaha. Mtoto huyo amebeba jina la baba yake, naye humstahi kidogo hata anapomchapa.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Uislamu umekaa pwani yetu zaidi ya miaka 1,000; huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua misingi ya misikiti tangu ya karne ya 8. Pamoja na dini yalikuja majina ya Kiarabu. Lakini tazama Waswahili walivyoyatumia. Aliyezaliwa siku ya Ijumaa akawa Juma au Mwanajuma, wa Alhamisi akawa Hamisi au Mwanahamisi, wa sikukuu akawa Idi au Mwanaidi. Na miezi nayo ikawapa watu Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kando ya hayo yalibaki majina ya Kiswahili kitupu: Pili na Tatu kwa mpango wa kuzaliwa, Tabu na Mashaka kwa hali ya nyumba wakati ule. Maneno yalitoka ng'ambo, bali kazi yaliyofanya ilikuwa ya hapa hapa. Hii ndiyo sababu hakuna mtu Mombasa amwonaye Juma kuwa ana jina la kigeni.

Linganisha na yaliyotokea Mombasa hiyo hiyo katika miaka ya 1870. Mwaka 1875 misheni ya Kiingereza iitwayo Church Missionary Society ilikuwa imekwisha pata ardhi ng'ambo ya kisiwa, mahali tupaitapo leo Kisauni, nayo ikawakusanya huko watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Mahali pale pakaitwa Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Walitanguliwa na wenzao waliokombolewa zamani kidogo, wakapelekwa Nasik katika Bara Hindi, wakasomeshwa na kufundishwa kazi, kisha wakarudishwa kusaidia misheni. Majina yao yamo katika vitabu vya historia: George David, Ishmael Semler, William Jones. Huyu William Jones alikuwa mtu wa kustahiwa. Alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda mwaka 1885, na askofu alipouawa Busoga, yeye ndiye aliyewaongoza waliosalia mpaka wakarudi pwani salama. Tunajua aliyoyatenda. Lakini jina lake halituambii alizaliwa kijiji gani, wala saa ngapi, wala ni mzee gani wa ukoo wake aliyeambiwa "amerudi". Mtumwa alinyang'anywa hayo mwanzo na mwuzaji. Mkombozi wake naye hakumrudishia. Mimi nikisoma habari zake huona kwamba William Jones ni jina zuri lililowekwa juu ya shimo.

Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, misheni zilienea bara, na ubatizo ukawa ndio mlango wa shule. Aliyetaka kusoma alibatizwa, na aliyebatizwa alipewa jina. Mapadri walio wengi hawakukubali jina la nyumbani litajwe penye maji ya ubatizo, kwa kuwa waliliona ni la kipagani. Lakini hapa pana kichekesho kimoja. Petro, Yohana na Mariamu yametoka katika Biblia, sawa. Je, Wilson, Johnson na Jackson yametoka katika kitabu gani kitakatifu? Hayo ni majina ya ukoo ya Waingereza tu. Johnson maana yake ni mwana wa John. Yaani, kwa lugha ya Wakalenjin, ni "arap John". Mwafrika aliambiwa aache jina la baba yake ili achukue jina la baba wa mtu mwingine.

Mfano ulio maarufu ni wa kijana aliyeitwa Kamau wa Ngengi, aliyebatizwa Thogoto mwaka 1914. Walioandika maisha yake wasema alitaka kuitwa John Peter. Alipoambiwa achague moja, aliunganisha John na neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe, maana Petro ni jiwe, akapata Johnstone. Mwaka 1938 alipotoa kitabu chake juu ya mila za Wakikuyu, Johnstone hakuwamo tena. Juu ya jalada paliandikwa Jomo Kenyatta.

Sasa nakuomba, msomaji, urudi kuitazama ile "wa" katika Kamau wa Ngengi. Ni neno dogo, lakini ndani yake mna kisa kirefu kuliko kile cha ubatizo. Makabila yetu karibu yote yalikuwa na neno kama hilo. Wakikuyu na Wagiriama husema "wa". Wakalenjin husema "arap". Wamasai husema "ole". Waswahili husema "bin" na "binti". Wajaluo humwita msichana "nyar" fulani. Neno hilo liliyafanya majina mawili kuwa sentensi. Toroitich arap Moi: Toroitich ni mwana wa Moi. Kila mtu alikuwa na jina lake, na baba alikuwa na lake, na neno dogo likaonyesha njia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Katika kizazi kilichofuata sentensi ilianza upya, na jina la babu lilishuka likapumzika, mpaka apatikane mjukuu wa kulipokea.

Karatasi haikupenda sentensi. Serikali ya kikoloni ilihitaji orodha za kodi ya nyumba, kisha ikahitaji kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikining'iniza shingoni katika kikopo cha chuma, ndani mkiwa na jina, kabila, alama za vidole na habari za mwajiri wake. Karani aliyekuwa akiandika alikuwa na mstari mfupi na foleni ndefu. Aliuliza, "Jina? La baba?" Akayaandika mawili, akaliacha neno dogo lianguke chini ya meza. Baadaye shule, hospitali na benki zikataka "jina la ukoo", kitu ambacho wengi wetu hatukuwa nacho kwa maana ya Kizungu. Basi lile la baba likawekwa hapo, likagandia hapo.

Matokeo yake unayajua, ila huenda hujayatafakari. Tuseme babu fulani alizaliwa usiku akaitwa Otieno. Leo mjukuu wake wa kike, aliyezaliwa saa sita mchana, ni Fulani Otieno katika cheti cha kuzaliwa, katika matokeo ya mtihani na katika kitambulisho. Jina lasema "mvulana wa usiku". Yeye si mvulana, wala hakuzaliwa usiku. Jina lililokuwa likisema kweli sasa ladanganya mara mbili, na hakuna anayeshtuka.

Usidhani mambo haya yametupata sisi peke yetu. Waingereza nao walikuwa na sentensi zao. Zamani mwana wa John aliitwa Johnson kwa sababu baba yake alikuwa John, na mwana wake yeye angeitwa kwa jina jingine. Lakini baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hati za mashamba na orodha za kodi ziliongezeka karne hata karne, na kufikia kama mwaka 1400 majina ya Waingereza wengi yalikuwa yamekwisha ganda. Tangu hapo wapo wanawake maelfu waitwao Johnson, na hakuna hata mmoja aliye mwana wa kiume wa John. Tofauti yetu na wao ni mwendo. Wao walipewa zaidi ya miaka 300 kuzoea. Sisi tulipewa kama 50.

Wako waliokataa. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alibatizwa Obadiah Adonijah. Katika kitabu chake Not Yet Uhuru, kilichotoka mwaka 1967, alieleza alivyoyaacha majina hayo, na alivyoshindana na wakubwa wa kanisa alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kijaluo. Wanawe hao, Oburu na Raila, walijulikana nchi nzima kwa majina hayo hayo yaliyobishaniwa. Mwandishi mmoja wa Limuru naye alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Kitabu chake cha mwaka 1977 kilitoka kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Watu wengi huona tu kwamba aliitupa James. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni kwamba aliiokota "wa" chini ya meza ya karani. Nchini Kongo, wakati ilipoitwa Zaire, serikali iliamuru mwaka 1972 majina ya Kikristo yaachwe, na Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akajiita Mobutu Sese Seko. Kwetu hakuna aliyeamriwa, na ni heri, kwa kuwa jina la amri ni jina la amri, liwe la padri au la rais.

Nimetaja wanaume wengi, na hilo si kwa bahati. Karatasi iliwaandika wao kwanza. Jina la mwanamke hapo kale lilikwenda na maisha yake: yule shujaa aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914 alizaliwa akaitwa Mnyazi wa Menza, na alipojifungua mwana akawa Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Hata leo jirani yako yawezekana anaitwa Mama Otieno na mtaa mzima, na hakuna ajuaye kitambulisho chake chasema nini. Lakini atakaye kuona yaliyompata mwanamke wa Kenya katika karne ya 20 na asome habari za Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940, akapewa Wangari, mojawapo ya majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Shuleni akawa Mary Josephine. Aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1966 alijirudishia la kwake na la baba yake, Wangari Muta. Akaolewa, akachukua la mume, Mathai. Ndoa ilipovunjika mwaka 1979, mume alitaka aliache jina hilo. Naye hakuliacha wala hakulishika kama lilivyokuwa: aliongeza herufi moja, a, likawa Maathai, jina lisilokuwa la mume wala la baba. Kwa jina hilo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Sheria nayo imesogea. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kuzuia jina la baba lisiandikwe pasipo ridhaa yake, eti kwa sababu mtoto alizaliwa nje ya ndoa.

Jambo lililobaki halina kelele, wala halikuletwa na padri au karani, nalo huenda likabadilisha majina kuliko wao. Ule utaratibu wa Wakikuyu wahitaji watoto wasiopungua wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, ndipo babu na nyanya wa pande zote mbili wapate wa kuitwa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jambo hilo lilikuwa jepesi: uchunguzi wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa watoto 8 kwa wastani. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 3.4. Hesabu hiyo si mzaha kwa nyanya anayengoja. Mume na mke wenye mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja wamekwisha wapa wazazi wa upande wa baba. Wa upande wa mama wafanyweje? Wengine humpa mtoto majina mawili ya nyumbani na kuwaridhisha wote. Wengine hununiana. Na pale ambapo mama ni Mkikuyu na baba ni Mjaluo, mmoja anataka jina la mzazi wake na mwingine anataka jina la saa, na mtoto yupo kitandani hajui kama anapiganiwa.

Tena huzuka jina pasipo kutazamiwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kogelo, Onyango, yaani aliyezaliwa jua likipanda kabla ya adhuhuri, mwana wa Obama. Onyango alisilimu akaitwa Hussein. Mwanawe akampa Barack, jina la shina moja na neno letu "baraka". Yule kijana alikwenda Marekani kusoma, naye huko jina la babu yake likawa jina la ukoo, likashuka kwa mwanawe aliyezaliwa Hawaii mwaka 1961: Barack Hussein Obama. Mwezi wa Novemba 2008 mwana huyo alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, magazeti yaliandika habari za akina mama wa Kisumu waliojifungua siku zile na kuwaita watoto wao Barack na Michelle. Watoto hao sasa wamefikia umri wa shule ya sekondari. Ukikaa dawati moja na Barack wa Kisumu, muulize jina lake ni la wapi, na yawezekana atakujibu ya kuwa ni la Kimarekani.